Pweza wa Ndoo

Mliokuwa nami wiki iliyopita mwajua niliwaacha wapi: sakafuni kwa Hajrabai, mwenye nyumba wangu hapa mtaa wa Kuze, macho kwenye televisheni, nikingojea kujiona.

Asiyekuwapo nitamfupishia. Mimi ni Mejumaa, mwindaji wa pweza. Nawinda kwa miguu maji yakipwa, kwenye mwamba ulio chini ya barabara ya Mama Ngina, na mkonjo wangu mkononi, ile fimbo yenye ncha ya chuma. Walikuja watu wa televisheni kutoka Nairobi na kipindi chao kiitwacho Windo la Wiki. Shujaa wao ni kijana aitwaye Kenneth. Kila wiki huwinda kitu kikubwa, akakiinua juu, akapigwa picha. Wiki hiyo alitaka pweza.

Alizunguka mwambani asubuhi nzima asipate hata kaa. Maji yakaanza kujaa. Beryl, yule mwanamke anayewasimamia, akaniomba pweza wangu, niliyemkamata mwenyewe kabla hawajafika na ambaye bado alikuwa hai ndooni. Tukamtia kwenye tundu. Kenneth akamtoa. Kamera ikachukua.

Kisha Beryl akataka nisimwambie mtu. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Wallahi sitasema." Hakuna aliyeniwekea kisu shingoni. Niliapa vile watu waapavyo sokoni, ulimi ukiwa mbele na akili yaja nyuma.

Nilidhani kosa langu liliishia hapo.

Basi kipindi kikaanza. Hajrabai alikuwa ameandaa chai na kaimati, kama kwamba ni arusi.

"Sogea, Mejumaa! Usije ukajikosa mwenyewe."

Kwanza akatokea Kenneth, amevaa nguo nyeusi ya mpira iliyombana kama ganda la muwa. Akatembea mwambani. Akasimama. Akatazama upeo wa bahari kama nabii. Kisha akainama, akatia mkonjo mara moja, akavuta. Huyo pweza! Mikono yote minane yamzunguka mkononi, na muziki wapigwa.

"Loo!" Hajrabai akapiga makofi. "Mara moja tu! Na wewe mbona siku nyingine warudi mikono mitupu?"

Nikatia kaimati mdomoni ili nisijibu.

Nimeshachomwa na nge wa baharini kwenye mwamba ule. Nimekatwa na makombe, nimeanguka na ujauzito, nimechungulia matundu mpaka shingo ikakataa kurudi. Siku nyingi naona magamba ya kaa mlangoni mwa tundu, nasema leo yumo, natia mkonjo, hamna. Tundu la pili hamna. La kumi hamna. Yule kijana mara moja tu, na pweza mwenyewe ni wangu.

Lakini nikajiambia, subira, Mejumaa. Wewe ndiye uliyempa.

Kisha nikajiona.

Nilikuwa nimeinama kwenye mwamba, na ncha ya mkonjo wangu imeelekea rundo la mawe madogo. Nikalitambua rundo lile mara moja.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Pweza jike akitaga, huyatundika mayai yake kwenye paa la tundu, kisha huziba mlango kwa mawe na kukaa ndani. Hali chakula, hatoki, kazi yake ni kuyapepea tu. Sisi wawindaji twamwita mzazi wa arubaini. Vile usivyoweza kuvamia chumba cha mwanamke aliyejifungua, ndivyo usivyoweza kutia mkonjo kwenye mlango wa mzazi. Anayefanya hivyo hutolewa mwambani mwaka mzima. Sheria hiyo haikuletwa na serikali, ni yetu wenyewe, na sijaona aliyeivunja akabaki na uso.

Siku ile ni Kenneth aliyelikuta rundo lile. Alikwisha inua mkonjo wake. Mimi nikaukingia wangu, nikasema, "Hapana, mwanangu! Huyu ni mzazi, yuko arubaini. Mwindaji wa kweli hamgusi mzazi." Mwenye kamera akayapenda maneno yale sana. Akamwambia Kenneth ayarudie, jua likimpiga usoni. Kenneth akayarudia. Mimi nikacheka, nikaona ni mchezo.

Kwenye televisheni hakukuwa na mkonjo wa Kenneth. Kulikuwa na mkonjo wangu, na mawe. Kisha uso wa Kenneth, mkono ameunyoosha.

"Hapana, mama! Huyu ni mzazi, yuko arubaini. Mwindaji wa kweli hamgusi mzazi."

Kisha uso wangu, nacheka.

Chini ya uso wangu yakapita maandishi. Miaka miwili iliyopita yasingenidhuru, maana nisingeyajua. Lakini nasoma darasa la jioni, la gumbaru, na mwalimu wetu atuambia tusome kila tunachokiona, hata karatasi ya sabuni. Nikasoma polepole, midomo ikinicheza: *Wawindaji wa kawaida hawajali.*

Hajrabai aliweka kikombe chini.

"Mejumaa. Wewe?"

"Si mimi, Hajrabai."

"Si wewe vipi? Si leso yako hiyo? Si meno yako hayo?"

"Ni mimi, lakini si hivyo."

"Basi ilikuwa vipi?"

Nikafungua mdomo, nikakumbuka Wallahi. Ningeweza kumweleza habari ya mzazi peke yake. Lakini ukivuta uzi mmoja nguo yote yafuata, na uzi wa pili ulikuwa ndoo. Nikaufunga mdomo. Nikamwaga machozi kwenye kaimati zake.

Asubuhi nilikwenda Mama Ngina kama kawaida. Kwanza nilimpitia Latif, yule auzaye supu ya pweza pale juu ukutani, mnunuzi wangu wa siku zote.

"Asalaam aleikum, Latif."

"Waaleikum salaam. Mejumaa, leo tusikilizane bei."

"Bei ina nini?"

"Wateja wananisumbua. Wamesema pweza siku hizi hachukui hata dakika, wamemuona Kenneth. Sasa mbona mwauza kama dhahabu?"

"Latif, wewe wanijua. Mara ngapi umeniona nikipanda hapa nimelowa, sina kitu?"

"Mimi nakujua," akasema, akikoroga supu yake. "Wao wamjua Kenneth."

Nikashuka kwenye mwamba. Wenzangu walikuwa wamekwisha jipanga, maji yanaanza kutoka. Katana ndiye aliyeniona kwanza. Katana ana ulimi ambao mama yake mwenyewe huukimbia.

"Karibu, mkunga!" akapaza sauti. "Leo wazalisha wapi?"

Wakacheka. Si wote. Waliobaki kimya ndio walionitisha.

"Katana, mdogo wangu, sikumgusa mzazi."

"Ah, hukumgusa! Ulimpigia hodi tu, kwa chuma."

"Wallahi..." Nikajiuma ulimi. Neno lile lilikuwa limeshaniletea msiba mmoja.

Bi Sidi akaja. Bi Sidi ndiye mkubwa wetu, mwanamke wa Kigiriama, mfupi, mpole, mtu wa kanisa. Ndiye aliyenifundisha kumshika pweza asininyonye mkono. Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia.

"Umeamkaje, Mejumaa?"

"Nimeamka salama, Bi Sidi. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe mkonjo."

"Bi Sidi, nisikilize..."

"Nitakusikiliza. Jumapili nikitoka ibadani tutakaa sote, nawe utasema. Lakini mtu aliyeshitakiwa hasimami mwambani na chuma. Nipe."

Nikampa. Nikapanda ngazi mikono mitupu. Mwamba ule ndio jiko langu na ndio kodi yangu ya nyumba. Mwaka mmoja nje ya mwamba ni mwaka wa kukaa kwenye vizingiti vya watu.

Niliswali siku ile mpaka magoti yakauma. Nikamwambia Mola wangu: wewe uliona. Wao hawakuona, lakini wewe uliona. Kisha nikaona aibu, maana aliiona na ndoo pia.

Baada ya alasiri nikaenda kwa Maalim Quresh, mwenye madrasa ya vichochoroni kwetu. Nikamngoja wanafunzi watoke. Nikamweleza yote, yeye wa kwanza.

"Ulimwapia nani?"

"Mtu wa televisheni."

"Ili umfichie nini?"

"Uongo."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Subhanallah. Nyinyi mwaapa kama watu wakohoao."

"Nimekosa, Maalim. Sasa nikisema nimevunja kiapo. Nikinyamaza nimepoteza riziki, na uongo umesimama."

"Aliyeapa juu ya jambo, kisha akaona jingine lina kheri kuliko lile, na afanye lenye kheri, atoe kafara ya kiapo chake. Dini haikukufunga kamba ufe nayo. Waweza kulisha masikini kumi?"

"Maalim, mimi ni mmoja wao."

Akacheka kidogo, ndevu zikatikisika. "Basi funga siku tatu. Na Mejumaa..."

"Labeka."

"Ukisema, sema yote. Usiseme nusu inayokufaa."

Nikafunga. Nilikuwa mwepesi kama niliyetua mtungi. Nikawaza: Jumapili nitasema kweli, Bi Sidi atanipa mkonjo, Katana atapata mwingine wa kumcheka. Hivyo ndivyo nilivyowaza, mjinga mimi.

Jumapili tukakaa kwenye mawe chini ya ukuta, wenzangu wote wameniotea kama kaa. Bi Sidi bado alikuwa na nguo yake ya kanisani. Akaomba kwa njia yake, nami nikaomba kwa yangu. Kisha akaniambia, "Sema."

Nikasema. Habari ya mzazi, vile nilivyomzuia Kenneth, vile walivyoyageuza maneno. Kisha, kwa kuwa Maalim aliniambia yote, nikaendelea. Ndoo. Pweza wangu. Tundu tulilomtia. Kiapo.

Hapo nikamaliza. Nilisikia watu wakicheka juu kwa Latif.

Katana akawa wa kwanza.

"Ngoja nielewe, dada. Yule pweza wa Kenneth alikuwa wako?"

"Alikuwa wangu."

"Ukamtia tunduni kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Kisha ukakaa nasi hapa, wiki nzima kabla ya kipindi, ukila nasi mihogo, ukituambia kijana yule ni hodari, ana mkono mwepesi?"

Nilikuwa nimelisahau hilo. Ni kweli, nilisema hivyo. Waliniuliza, nikasema ana mkono mwepesi.

"Nilisema."

Katana akageukia wenzake. Hakuwa akicheka tena. "Mtu ameweza kuidanganya Kenya nzima kwa pweza, atashindwa kutudanganya sisi kwa mawe?"

"Katana!" nikapiga kelele. "Ningetaka kudanganya ningetaja ndoo? Ndoo nani aliiona?"

"Ndiyo ujanja wenyewe. Mtu akamatwa na mbuzi, akiri kuku."

Watu wakanung'unika. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimewapa kweli yangu yote, nao wakaitumia kunipima, wakaona nimepungua. Kama ningesema nusu, labda wangeniamini. Hasira iliyonipanda hapo sijui niiweke wapi. Nilimkasirikia Katana, nikamkasirikia Kenneth, na nitasema kweli kwa kuwa nimeahidi kusema yote: kwa dakika moja nilimkasirikia hata Maalim.

Bi Sidi akainua mkono.

"Maneno yatosha. Maji yamepwa. Mzazi mwenyewe yuko wapi? Twendeni tukamuulize."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Sikuwa nimelifikiria hilo! Akiwa ndani, mawe mlangoni, mzima, mayai yake yananing'inia, basi sikumgusa. Kesi imekwisha.

Tukaenda watatu, Bi Sidi, Katana na mimi. Nilitangulia. Nilitembea haraka mpaka nikateleza, Katana akanishika mkono bila kusema neno. Njia nzima nilikuwa nasoma kila dua niijuayo.

Tukafika.

Mlango ulikuwa wazi. Mawe yametawanyika.

Nikapiga magoti majini. Katana akawasha tochi ya simu, akamulika ndani. Paa la tundu lilikuwa tupu. Hamna mayai, hamna jicho lililotutazama, hamna hata kipande cha ngozi.

"Wameanguliwa," nikasema. "Bi Sidi, wewe wajua. Watoto wakitoka, mama hufa. Ndivyo walivyo wote. Samaki mikunga wamekuja wakamla."

"Najua."

"Basi si mimi!"

"Huenda watoto wametoka, mama akafa kifo chake. Huenda mtu alimdunga, mayai yakaliwa na samaki. Tundu tupu halisemi." Aliyasema kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko mzaha wa Katana. "Mejumaa, nataka kukuamini. Lakini nikikuachia wewe kwa sababu nakupenda, kesho nitamzuia nani?"

Nilikuwa na shahidi mmoja baharini, na amekufa kwa kulea. Nikatia mkono tunduni, sijui kwa nini. Maji baridi tu.

"Walioona ni wenye kamera," Bi Sidi akasema akiinuka. "Niletee macho yao. Nitakungoja mpaka bamvua lijalo, maji makubwa yakirudi. Bila hivyo, mwaka."

Katikati ya wiki nikaenda kuwatafuta, na haikuniwia vigumu kuwapata. Mji wote ulijua walipo: walikuwa Ngome ya Yesu, wakipiga picha za mwisho za kipindi, Kenneth amesimama mbele ya lango akiegemea mzinga wa Wareno, ngao ya wauza vinyago mkononi. Wageni wamemzunguka. Watoto wa shule wataka kumshika.

Aliponiona akatupa ngao.

"Mathe! Mathe wangu wa pweza!" Akanikumbatia mbele za watu. "Uliona kipindi? Tumekufanya nyota!"

Nikataka kumpiga kibao. Lakini uso wake ulikuwa mweupe kabisa, hauna hila. Kijana yule aliamini.

"Mwanangu, mmenifukuzisha kazi."

"Nani amekufukuza? Wewe huna bosi!"

"Nina mwamba. Mmewaambia watu nilitaka kuua mzazi. Ni wewe uliyetaka, mimi nikakuzuia."

Akakuna kichwa. Akatazama kando, kama mtu atafutaye alikoweka ufunguo. "Kwani ni mimi? Ah. Si tulirudia mara nyingi, mathe, hata sikumbuki nani alisema nini. Televisheni ni hivyo. Kila mtu ajua kuna kuigiza kidogo."

"Wateja wa Latif hawajui. Wao wasema pweza ni dakika moja."

"Sasa ningefanyaje? Niwaonyeshe watu matundu matupu asubuhi nzima? Nani atatazama?"

"Hayo matupu ndiyo kazi yenyewe, mwanangu."

Nadhani yalimwingia, maana alizungusha saa yake mkononi. Lakini Beryl alikuwa amefika, akanishika bega, akanivuta kivulini karibu na ukuta wa ngome.

Beryl si mtu wa kelele. Amevaa kofia pana, na macho yake hayapepesi.

"Nilijua utakuja, Mama Mejumaa. Keti. Kuna kitu utakipenda."

Akafungua kompyuta yake juu ya mapaja. Akabonyeza. Nikaona mwamba wetu, mawingu ya siku ile, na mkonjo wa Kenneth umeinuka juu ya rundo la mawe. Kisha mkonjo wangu wakatiza. Na sauti yangu, sauti yangu mwenyewe, na upepo ndani yake:

"Hapana, mwanangu! Huyu ni mzazi..."

Nikashika kinywa. "Alhamdulillahi," nikasema. "Alhamdulillahi." Machozi yakanitoka mbele ya mwanamke yule na wala sikuyafuta. Ilikuwapo. Haikufutwa. Niliyoyaona ndiyo yaliyokuwa, sikuwa nimepata wazimu.

"Nipe, mwanangu. Nipe nikawaonyeshe. Sitakuomba kingine."

"Nitakupa." Akaufunga mfuniko polepole. "Leo hii nitaitia kwenye simu yako. Lakini kwanza nijibu. Kuna gazeti limeandika kwamba pweza wa Kenneth alitoka ndooni. Maneno hayo yametoka mwambani kwenu. Ni wewe?"

"Ni mimi. Niliwaambia wenzangu."

"Uliniapia."

"Nimetoa kafara."

"Kafara haitanirudishia kipindi." Hakupandisha sauti. "Wakubwa Nairobi wataka kukifunga. Wapiga picha, madereva, wote hao unaowaona pale watarudi nyumbani bila kazi. Wewe wajua kukosa kazi kulivyo, si ndiyo?"

Nikatazama. Yule mwenye kamera alikuwa amekaa chini akila muhogo wa kuchoma, kijana mwembamba, viatu vimechanika.

"Wataka nini, Beryl?"

"Maneno machache tu, mbele ya kamera. Useme ulikuwapo, na Kenneth alimtoa pweza yule tunduni. Si alimtoa tunduni? Macho yako hayakuona?"

"Tulimtia sisi."

"Hilo sitakuuliza. Sitakuuliza ameingiaje." Akaniwekea mkono gotini. "Wewe utarudi mwambani, wenzako wataona hukumgusa mzazi. Sisi tutabaki na kazi. Nani ataumia?"

Nitawaambia jambo la aibu. Nilifikiri. Sikuinuka nikaondoka kama waja wema wa kwenye visa. Nilikaa pale nikapima. Ni kweli alimtoa tunduni. Ningeweza kuyapanga maneno yakawa kweli yote na uongo wote kwa pamoja. Mimi ambaye miaka miwili nyuma sikujua kuandika jina langu, nilikuwa nimejifunza tayari jinsi wanavyofanya.

"Na jambo moja," Beryl akasema akiinuka. "Anza na Wallahi. Watu wa Pwani wakisikia hivyo huamini."

Wakanisimamisha kando ya Kenneth, langoni. Mtu akanirekebisha leso. Mwingine akanifuta jasho puani. Kijana mwembamba akatupa ganda la muhogo, akainua kamera begani. Kijitaa chekundu kikawaka.

"Mathe, relax," Kenneth akaninong'oneza. "Sema tu tumalize, jua latuacha."

Hapo ndipo nilipomwona.

Nyuma ya watu, karibu na meza za wauza vinyago, amesimama Bi Sidi. Katana yuko ubavuni pake, anyoosha kidole upande wangu. Nikaelewa. Amemwambia: njoo umwone Mejumaa wako, yuko na Kenneth tena, amepambwa. Na Bi Sidi amekuja kuona kwa macho yake.

Hakuisikia bei ya Beryl. Hajui kilichomo kwenye kompyuta ile. Atasikia tu nitakalolisema sasa.

Nikisema wanavyotaka, nitampelekea sauti yangu inayonitakasa, na kiapo cha uongo nilichokila mbele yake. Nikisema kweli, Beryl ataifuta ile picha kabla sijafika Kuze, na sitakuwa na ushahidi mpaka kiyama.

Bi Sidi akatoa miwani yake ya kanisani, akaivaa, anione vizuri.

"Tayari," Beryl akasema. "Mama, anza."

Nikasema Bismillahi moyoni. Nikanyoosha mgongo. Sauti ikatoka, kubwa kuliko nilivyokusudia, hata watoto wa shule wakageuka:

"Wallahi, pweza yule..."